WIMBI LINALOPINDULIWA

Ndugu Mhariri ameniandikia akinitaka nitoe habari za kale kwa ajili ya gazeti letu la mkutano wa mwaka huu. Wenzangu wamekwisha kuandika juu ya mabweni, uji wa asubuhi na yale mabao tuliyofungwa na jirani zetu, nami sina la kuongeza hapo, maana katika mpira nilikuwa mtunza nguo. Mimi nitaeleza historia ya jambo moja dogo: jinsi neno linavyosafiri hewani bila kugeuka njiani. Nina sababu yangu. Miaka mingi sasa nadaiwa mapipa 30 ya dizeli.

Wasomaji wa rika langu wanakumbuka Aprili 1994. Kuanzia tarehe 28 ya mwezi ule, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja, wakajaa Benaco. Kwetu Nyamigogo tuliona malori yakipita usiku na mchana. Nilipata kazi ya kukaa na simu ya upepo, kupokea maombi ya vifaa kutoka kambini na kuyaandika kwenye daftari. Jioni moja, mvua ikiwa imetanda, sauti ikaja na mikwaruzo ikiomba mapipa ya dizeli kwa pampu ya maji. Nikasikia “sitini.” Kwa kufuata utaratibu nikarudia, “Sitini, nimepata?” Naye akanijibu, “Sawa sawa, tisini.” Nami nikasikia “sitini” mara ya pili, nikaridhika, nikaandika 60.

Alikuwa ametaka 90. Dizeli ikaisha kabla lori halijarudi, pampu ikanyamaza, na kina mama wakapanga ndoo foleni tangu magharibi hadi kulipopambazuka. Hakuna aliyenifokea. Ingekuwa heri wangenifokea, kwa sababu nilikuwa nimefuata utaratibu wote, na kosa likapita katikati yake kama mbuzi katika ua bovu.

Tangu siku ile nikawa nafuatilia habari hizi. Mkoa wetu wa Kagera una fungu lake humo. Wakati wa Wajerumani palikuwa na kituo cha simu ya upepo Bukoba, na mlingoti wake ulikuwa mwiba kwa Waingereza. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 majeshi yao yalivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, yakauteka mji na kukibomoa kituo hicho. Watu wengi wanakumbuka uporaji uliofuata. Mimi nakumbuka kwamba vita vilipelekwa Bukoba kwa sababu ya waya na chuma vilivyoweza kusema na mbali.

Namna ya kusema enzi zile ilikuwa kuwasha na kuzima. Wimbi likipelekwa kwa kitambo kifupi ni nukta, likipelekwa kwa kitambo kirefu ni mstari, na kimya ni nafasi. Ubaya wake ni kwamba kimya hakina sauti yake mwenyewe. Radi ikipiga penye kimya, msikilizaji hudhani ametumiwa nukta. Na wimbi likififia, hudhani ni kimya.

Njia iliyo bora haizimi kitu. Nitaieleza kwa mchakamchaka, kwani sote tuliukimbia. Kiongozi anakimbia pembeni akihesabu kushoto, kulia. Mkimbiaji anayekanyaga kushoto pamoja naye ahesabiwe kuwa ni moja. Anayekanyaga kulia wakati kiongozi anakanyaga kushoto ahesabiwe kuwa ni sifuri. Wote wawili wanakimbia kwa nguvu ile ile, hapana aliyesimama. Tofauti ni kwamba hatua zao zimepishana kabisa. Hata penye ukungu utawatambua, kwa sababu mmoja ni kinyume kamili cha mwenziwe. Wimbi la redio nalo hufanywa hivyo: kwa moja linakwenda wima, kwa sifuri linapinduliwa, pale penye kilele pakawa bonde. Mtindo huu wataalamu wanauita BPSK.

Claude Shannon wa Marekani alionyesha mwaka 1948 kwamba ujumbe wowote unaweza kuandikwa kwa moja na sifuri, na kwamba kelele zina kipimo chake katika hesabu. Mwaka 1956 mhandisi John Costas akaeleza mzunguko wa kupokea mawimbi ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mzunguko huo humtafuta kiongozi wa mchakamchaka hata kama haonekani, kwa kuzitazama hatua za wakimbiaji wenyewe. Mwaka 1962, John Glenn alipoizunguka dunia, Wamarekani walikuwa na kituo cha kumsikiliza hapo Tunguu, Unguja, lakini chombo chake kilitumia mtindo mwingine. Ilipofika Apollo ya 1969, habari za hali ya chombo zilikuja duniani kwa wimbi la kupinduliwa. Satelaiti ya kwanza ya GPS ilirushwa Februari 1978, nayo ilitumia mtindo huo huo, ikitoa tarakimu 50 tu za ujumbe kwa sekunde. Simu iliyo mfukoni mwako, ewe mwanafunzi, hupokea mawimbi ya namna hiyo hapo ulipo, nayo yamedhoofika hata yamezama chini ya kelele.

Lililonichoma zaidi ni la 1998. Mwingereza Peter Martinez, mpenzi wa redio, aliwapa wenziwe mtindo wa kuandikiana kwa mawimbi mafupi, yale yale niliyotumia mimi, kwa kupindua wimbi mara zisizozidi 31 hivi kwa sekunde. Sauti ya mtu hutaka nafasi ya karibu hezi 3,000. Maandishi yale hayahitaji hata 100. Yalikuja miaka minne baada ya mapipa yangu.

Likizo iliyopita mpwa wangu wa kidato cha nne alinijia Nyamigogo akasema anataka kuiacha fizikia. “Mjomba, mambo haya ni ya wenye kompyuta. Sisi tutayaigiza kwa nini?” Sikuwa na kompyuta. Nilikuwa na dadu mbili, nyekundu na nyeupe, na sarafu moja.

Tukafanya hivi. Ukitaka kutuma moja, andika 3. Ukitaka kutuma sifuri, andika 3 ya hasi. Huko ndiko kupindua. Kisha tupa dadu zote mbili, toa nyeupe katika nyekundu, na jibu ulijumlishe na ulichoandika. Dadu hizo ndizo mvua, radi na mikwaruzo. Jumla ikizidi sifuri, mpokeaji asome moja. Ikipungua, asome sifuri. Ikiwa sifuri kamili, arushe sarafu. Hesabu inasema katika kila tarakimu 8 moja itakosewa. Mpwa wangu alituma 100, akakosa 13. Tukaongeza nguvu kutoka 3 hadi 4, ambapo hesabu inadai kosa 1 katika 18, akakosa 4. Kwa nguvu ya 5 ni kosa 1 katika 72, na kwa 6 dadu hazina tena la kusema.

Akaniuliza mwenyewe, bila kuambiwa, habari ya mtindo wa Bukoba. Tukaujaribu: moja ni 3, sifuri ni kimya, na mpaka ni moja na nusu. Makosa yakaruka hadi karibu 28 katika kila 100. Ni kweli kwamba anayenyamaza huweka akiba ya nguvu, lakini hata ukimpa akiba hiyo aongeze sauti, bado hamfikii anayepindua. Kompyuta hufanya mchezo huu huu mara milioni, kwa kelele zilizo laini kuliko za dadu: nguvu ya kila tarakimu ikilingana na kelele, zitakosewa kama 79 katika 1,000, ukiiongeza mara 10, ni kama 4 tu katika milioni.

Ila mtindo huu una mtego, nao ndio ulionikumbusha ile “sawa sawa.” Mpokeaji asiyemwona kiongozi anaweza kuikisia hatua yake kinyume. Hapo kila moja itasomwa sifuri na kila sifuri moja, ujumbe mzima, bila hata mkwaruzo mmoja, na yeye ataridhika kama nilivyoridhika mimi. Dawa yake ni kutotuma hali bali badiliko: ukitaka moja, pindua, ukitaka sifuri, endelea ulivyokuwa. Hapo hata aliyekisia vibaya anasoma sawa, kwani anayeona kinyume naye huona mapinduzi yale yale.

Mwisho tukarudi kwenye deni langu. Kwa tarakimu za moja na sifuri, 60 huandikwa 0111100, na 90 huandikwa 1011010. Masikioni mwangu maneno yale yalitofautiana kwa herufi mbili zilizobadilishana nafasi. Hapa yanatofautiana mahali 4 kati ya 7. Hata kwa nguvu ile ndogo ya 3, tisini kugeuka sitini kamili kungetokea mara moja katika kama 6,100. Si kwamba namba isingeharibika. Ingeharibika mara nyingi, lakini si kwa kuvaa sura ya mwenzake.

Mpwa wangu akaweka nguvu ya 5, akatuma 1011010 mara 10 huku mimi nikipokea kwenye daftari jipya. Mara 9 ilifika nzima. Ya kumi ilifika 1011011, yaani mapipa 91, nami nikamwambia hilo ningelipokea kwa mikono miwili.