Chombo Kisicho na Msumari

Kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mfongo hauui uzee. Unaouua ni uvivu wa watu. Mifereji hiyo inayoshusha maji hadi migombani ilikuwapo kabla ya Wajerumani kufika, na imedumu kwa sababu koo zilitoka na majembe, msimu kwa msimu, kuizibua. Nimelikumbuka hilo nikisoma historia ya chombo cha mbali kabisa na mlima: mtepe.

Mtepe ulikuwa chombo cha mbao kilichoshonwa. Mafundi wa visiwa vya Lamu, hasa Wabajuni, walitoboa matundu kwenye kingo za mbao, wakazifunga kwa kamba za makumbi ya nazi, kisha wakaziba matundu kwa vigingi vidogo. Tanga lake la mraba lilisukwa kama mkeka. Ulibeba boriti za mikoko, zile zilizoshikilia dari za nyumba za mawe. Ndiyo maana upana wa vyumba vya zamani vya pwani ulifuata urefu wa boriti.

Ufundi huo ni wa kale. *Periplus*, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unautaja mji wa Rhapta kwenye pwani yetu na kusema umepewa jina hilo kwa sababu ya vyombo vyake vya kushonwa.

Lakini kamba huoza. Mtepe ulivuja, mabaharia wakashinda wakichota maji, na mishono ilibidi ifumuliwe na kushonwa upya. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwenye mtepe, ngamani ndipo kazi ilipokuwa haiishi. Jahazi za misumari zilipoenea, wachache walibaki na subira ya kushona. James Hornell alipochapisha makala yake juu ya mtepe mwaka 1941, zama zake zilikuwa zimekwisha. Hakuna hata mtepe mmoja wa asili uliobaki.

Mwaka 2003 ulijengwa Zanzibar mtepe mpya wa ukubwa kamili, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883. Hatimaye kijana wa leo aliweza kuiona mishono kwa macho yake. Kisha, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba hilo ikaporomoka likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki. Nyumba tuliyoikabidhi kumbukumbu zetu nayo ilikuwa inadai mkono wa fundi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kuhifadhi ni kuweka kitu mahali na kufunga mlango. Vyombo vya kushonwa vilidumu pwani hii kwa karne nyingi bila makumbusho yoyote, kwa sababu kila kizazi kilikuwa na watu waliojua kusokota kamba na kukaza mshono. Vilipokosa watu hao, vilitoweka ndani ya miongo michache tu.

Basi tunapopanga bajeti ya urithi, tuanze na ujira wa fundi na posho ya mwanafunzi wake. Paa lifuate. Mtepe unaofumuliwa na kushonwa tena mbele ya vijana, hata ukivuja, una maisha marefu kuliko ule unaotazamwa tu.