Wiki za Mwisho Kabla ya Leseni: Historia ya Kujiandaa kwa Mtihani wa Udaktari

Wiki za mwisho kabla ya mtihani wa leseni ya udaktari zina historia yake, na historia hiyo haitengani na ya mtihani wenyewe. Namna watahini walivyouliza ndiyo iliyoamua watahiniwa wasome nini, wasome na nani, na wajizoeze kwa kalamu au kwa mdomo. Jambo hili lilidhihirika mapema jijini London, baada ya Bunge la Uingereza kupitisha sheria mnamo Julai 1815 iliyoipa Society of Apothecaries, chama cha wachanganya dawa, mamlaka ya kumtahini kila aliyetaka kuingia katika kazi hiyo England na Wales. Mchanganya dawa wa wakati huo hakuwa mtu wa kukaa dukani tu. Ndiye aliyeitwa nyumbani mtoto alipopata homa, akapima, akaandika dawa na kuichanganya mwenyewe. Kwa familia nyingi hakukuwa na daktari mwingine.

Masharti ya sheria hiyo yalikuwa mazito. Mtahiniwa alipaswa kuwa ametumikia uanagenzi wa miaka 5, awe na umri wa miaka 21, alete ushahidi wa tabia njema, na aonyeshe vyeti vya kuhudhuria mihadhara na kuzunguka wodi za hospitali kwa muda wa miezi 6. Ada ilikuwa ginea 10 kwa aliyetaka kufanya kazi London na maeneo ya jirani, na ginea 6 kwa aliyekwenda mikoani. Kisha ndipo alipoitwa mbele ya watahini katika jengo la chama, Apothecaries' Hall, eneo la Blackfriars. Huko aliulizwa kwa mdomo. Alifunguliwa Famakopia ya London, kitabu rasmi cha dawa kilichoandikwa kwa Kilatini, akatakiwa kutafsiri. Akapewa maagizo ya dawa yaliyofupishwa kama madaktari walivyozoea kuyaandika, akatakiwa kuyasoma. Akaulizwa kemia, asili na matumizi ya dawa, na namna ya kutibu magonjwa.

Miongoni mwa waliopita mlango huo katika mwaka wa kwanza wa sheria ni John Keats, mshairi. Alikuwa ametumikia uanagenzi kwa Thomas Hammond huko Edmonton, akajiandikisha hospitali ya Guy's Oktoba 1815, na tarehe 25 Julai 1816 akafaulu, ingawa alikuwa bado hajatimiza miaka 21 iliyotakiwa na sheria. Henry Stephens, mwanafunzi aliyeishi naye nyumba moja, alisimulia baadaye kwamba kufaulu kwake kuliwashangaza wenzake, kwa maana hawakumjua kuwa mtu wa kuinamia vitabu vya tiba. Stephens alikuwa na maelezo yake: Keats alikuwa na Kilatini kizuri. Inafaa kuitazama kauli hiyo kwa makini. Keats alijifunza Kilatini tangu shuleni Enfield, na alikuwa amejitafsiria sehemu kubwa ya Aeneid ya Virgil kwa hiari yake. Mtihani ulioanza kwa Famakopia ya Kilatini ulimkuta tayari. Kijana aliyetoka shule duni, hata kama alijua kufunga jeraha na kutuliza homa kuliko yeye, alikuwa na sababu ya kuogopa wiki za mwisho, kwani Kilatini hakisomeki kwa siku ishirini.

Hofu hiyo ndiyo iliyoleta ajira kwa walimu wa kunoa. Hawa walikuwa matabibu, wengi wao vijana, waliokodi vyumba karibu na hospitali kubwa na kuwafundisha watahiniwa kwa malipo. Hawakutoa mihadhara. Wanafunzi waliketi wakiwazunguka, swali likatupwa kwa wa kwanza. Akikwama, likaenda kwa wa pili, na jibu likarudiwa hadi wote walitamke bila kusita. Mwalimu hodari wa kunoa alijua zaidi ya tiba: alijua tabia za watahini, nani alipenda kuuliza juu ya afyuni na nani juu ya michanganyiko ya zebaki. Habari hizo alizipata kwa wanafunzi wake wenyewe waliotoka chumba cha mtihani, na aliyefeli alikuwa na thamani sawa na aliyefaulu, mradi akumbuke alichoulizwa. Wachapishaji nao hawakulala. Chama kilipowataka watahiniwa wasome kwa Kilatini sehemu za mwandishi wa tiba Celsus na kitabu cha tiba cha Gregory, madukani yalitokea matoleo yenye tafsiri ya Kiingereza chini ya kila mstari.

Albert Smith, aliyesomea hospitali ya Middlesex na kupata leseni ya Apothecaries mwaka 1838, aliwachora wanafunzi na walimu hao katika jarida la Punch mwaka 1841, mwaka jarida hilo lilipoanzishwa. Wasomaji walicheka, lakini wakubwa wa taaluma waliona aibu. Lawama zilizotolewa dhidi ya kunoa zilikuwa za kweli kwa sehemu. Kulikuwa na wanafunzi waliolipia mihadhara ili wapate cheti cha mahudhurio, wasionekane ukumbini kwa miezi, halafu wakategemea mwezi mmoja wa kukariri jioni. Mtu wa namna hiyo aliweza kutaja kipimo cha dawa asiyoweza kuitambua mezani. Hata hivyo kosa kubwa zaidi lilikuwa la mtihani. Uliopima kumbukumbu ya maneno ulipata watu wa maneno; wangewekwa mbele ya mgonjwa na kuambiwa wamchunguze, wiki zao za mwisho zingepita wodini.

Tena kunoa kulikuwa na upande mwingine. Elizabeth Garrett alipotaka kuwa daktari, vyuo vya tiba vya Uingereza vilimfungia milango kwa sababu ni mwanamke. Alifanya uanagenzi, akalipia masomo ya faragha kwa walimu wanaotambuliwa, na familia yake ikakitishia chama kwa kesi kilipositasita kumpokea, maana sheria ilisema "watu" bila kuwatenga wanawake. Alifaulu Septemba 1865. Baadaye chama kikageuza kanuni, kikikataa masomo ya faragha na kudai chuo kinachotambuliwa, na njia hiyo ikazibwa kwa wanawake waliomfuata. Chumba cha mwalimu binafsi, kilichodharauliwa na wengi, kilikuwa kwa mwanamke huyo mojawapo ya madarasa machache yaliyomkubali.

Sheria ya 1858 iliunda Baraza Kuu la Tiba na daftari moja la madaktari wa Uingereza nzima, na ile ya 1886 ikataka kila anayeandikishwa awe ametahiniwa tiba, upasuaji na ukunga. Kutoka hapo kituo cha habari hii kinahamia Marekani, ambako kila jimbo lilikuwa na leseni yake. Mwaka 1889 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Frank Dent dhidi ya West Virginia, ilithibitisha haki ya jimbo kumzuia asiyetimiza masharti kutibu watu. Lakini majimbo yalitofautiana mno kwa ukali, na ripoti ya Abraham Flexner ya 1910, iliyokagua vyuo 155 vya Marekani na Kanada, ilionyesha kwamba vingi vilikuwa vikitoa madaktari bila maabara wala wagonjwa wa kujifunzia.

Bodi ya Taifa ya Watahini wa Tiba ilianzishwa mwaka 1915 kwa juhudi za William Rodman, daktari wa upasuaji wa Philadelphia. Mtihani wake wa kwanza ulifanyika Washington, Oktoba 1916. Waliomba watu 32, wakakubaliwa 16, wakaja 10, wakafaulu 5. Mtihani ulichukua wiki nzima: kuandika, kujibu kwa mdomo, kufanya kazi maabara na kumchunguza mgonjwa kitandani. Kwa mtihani wa aina hiyo hakukuwa na ujanja wa dakika za mwisho. Aliyekuja bila mikono iliyozoea wagonjwa alijulikana mara moja. Ila gharama yake ilikuwa kubwa, na waombaji walipoongezeka haukuweza kuendelea hivyo. Mwaka 1922 uligawanywa katika sehemu tatu, ya mwisho ikibaki kuwa ya vitendo.

Mageuzi yaliyounda wiki za mwisho za siku hizi yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1950. Bodi, chini ya John Hubbard, ililinganisha insha na maswali ya kuchagua jibu. Insha moja ilipopewa wasahihishaji wawili ilirudi na alama mbili, ilhali swali la kuchagua halikujali nani amelisahihisha. Insha zikaondolewa. Mtahiniwa hakuhitaji tena kupanga hoja kwa maandishi yake. Alihitaji kutambua jibu sahihi kati ya majibu yaliyofanana, mara mia kadhaa, bila kuchoka. Mwaka 1992 mitihani iliyokuwa ikienda sambamba ilianza kuunganishwa kuwa mmoja, USMLE, unaofanywa kwa hatua tatu na madaktari, wakiwemo waliosomea nje ya Marekani. Daktari aliyehitimu Dar es Salaam, Nairobi au Kinshasa akitaka mafunzo ya ubingwa katika hospitali za Marekani hupitia hatua zile zile anazopitia aliyehitimu Boston.

Badiliko la 1999 halitajwi sana, na pengine ndilo lililogusa zaidi maisha ya wanafunzi. Hadi wakati huo Hatua ya Kwanza ilifanywa kwa karatasi na penseli, siku mbili mfululizo, kwa tarehe chache zilizopangwa kila mwaka. Darasa zima liliingia pamoja na kutoka pamoja. Mtihani ulipohamia kwenye kompyuta, katika vituo vinavyofunguliwa mwaka mzima, kila mtu alijichagulia siku. Tangu hapo wiki za mwisho zikawa mali ya mtu binafsi: ndiye anayeamua ziwe nne au nane, ndiye anayezisogeza mbele alama za majaribio zikikataa kupanda. Uhuru huo umewasaidia wengi, na umewaelemea wengi pia, kwa sababu aliye peke yake hana wa kumwambia kwamba sasa inatosha.

Kwa miaka mingi Hatua ya Kwanza ilikuwa na maswali yasiyozidi 280 katika vipindi saba vya dakika 60, yote kwa siku moja ya saa 8. Umbo hilo lilichonga ratiba ya maandalizi. Asubuhi mwanafunzi hukaa na benki ya maswali, hujibu maswali 40 kwa saa moja bila kusimama, kisha hutumia saa mbili au zaidi kupitia kila jibu, yakiwemo aliyopata, akitafuta kwa nini majibu mengine si sahihi. Kosa huandikwa: je, hakujua, alijua akasahau, au alisoma swali vibaya? Kila moja lina dawa yake, na anayeyachanganya hurudi kusoma sura nzima wakati tatizo lake lilikuwa haraka. Mchana ni wa udhaifu uliofichuliwa asubuhi. Kila baada ya siku kadhaa hufanywa mtihani wa majaribio unaouzwa na Bodi yenyewe, na karibu na mwisho hufanywa siku moja kamili ya kuigiza, kwa saa zile zile, chakula kile kile na mapumziko yale yale. Siku ya mwisho kabisa walimu wengi hushauri vitabu vifungwe mapema na usingizi upewe nafasi, kwani saa mbili za kusoma usiku huo haziwezi kulipa uchovu wa vipindi vya mwisho.

Utafiti umeunga mkono kiini cha desturi hii. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujijaribu mwenyewe, jinsi kilichokaririwa kinavyopotea haraka mwanzoni na jinsi kurudia kwa kupishana siku kunavyokishikilia. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Waliosoma mara nne walikumbuka, wiki moja baadaye, takriban asilimia 40 ya mambo. Waliosoma mara moja kisha wakajipima mara tatu bila kuangalia walikumbuka takriban asilimia 61. Dakika tano tu baada ya kusoma, matokeo yalikuwa kinyume, na hapo ndipo mtego ulipo: kurudia kusoma humpa mtu hisia ya kujua inayoyeyuka kabla ya siku ya mtihani. Walimu wa kunoa wa London, kwa kuuliza na kungoja jibu litoke mdomoni, walikuwa wameshika jambo la kweli miaka mia na zaidi kabla ya kuthibitishwa.

Tabia yao nyingine nayo haikufa. Kukusanya maswali kutoka kwa waliotoka chumbani kumeendelea kwa njia mpya, na sasa huhesabiwa kuwa wizi wa mtihani. Januari 2024 waandaaji wa USMLE walitangaza kubatilisha alama za kundi la watahiniwa waliohusishwa na Nepal baada ya kuona dalili za maswali kuvuja. Ni pigo kubwa kwa watu waliotumia miaka na akiba zao, na kwa wenzao waliosoma kwa haki wakajikuta wakitiliwa shaka.

Mageuzi mengine ya karibuni yaligusa alama. Wakuu wa mafunzo ya ubingwa walikuwa wamezoea kuwachuja waombaji kwa alama ya tarakimu tatu ya Hatua ya Kwanza, kazi ambayo mtihani huo haukutengenezewa, na wanafunzi wakawa wanaacha wodi na mihadhara ili kuifukuzia. Kuanzia tarehe 26 Januari 2022 matokeo yake hutolewa kama kufaulu au kufeli tu. Mwaka huo huo waliofaulu kwa jaribio la kwanza kutoka vyuo vya Marekani vya shahada ya MD walishuka kutoka asilimia 96 hadi 93, na kwa waliosomea nje ya Marekani na Kanada kutoka 82 hadi 74. Vyuo vingi vikaanza kumtaka mwanafunzi afikie kiwango fulani katika mtihani wa majaribio kabla ya kuruhusiwa kwenda kufanya wenyewe. Hatua ya Pili ilibaki na tarakimu zake, na wiki za mwisho zenye presha kubwa zikahamia huko, katika mwaka ambao mwanafunzi tayari anazunguka wodi na kuwaona wagonjwa kila siku.