Wamarekani wa AIM na kanisa lisilomngoja mfalme Ukambani

Mwishoni mwa 1895, wamishonari wachache kutoka Marekani waliweka kituo chao cha kwanza Nzaui, katika eneo lililokuwa wilaya ya Machakos na ambalo leo liko Makueni. Kiongozi wao, Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Philadelphia, aliugua homa akafa Desemba 1896. Wenzake kadhaa walimfuata kaburini, wengine wakarudi kwao. Hata hivyo, Africa Inland Mission (AIM) haikuvunjika; 1902 ilifungua kituo Machakos.

Wenyeji, Wakamba, walishawajua wazungu wa aina nyingine. Kampuni ya Waingereza ilifungua kituo Machakos 1889, kisha serikali ikaja na kodi na amri zake. Wamarekani wa AIM hawakutumwa na mfalme. Hawakuahidiwa mshahara, kanuni yao ilikuwa kumwomba Mungu na kutegemea michango ya hiari. Walitoka nchi ambayo katiba yake inaikataza serikali kuwa na kanisa lake, ilhali Uingereza mfalme ndiye mkuu wa Kanisa la Anglikana. Machoni pao, kanisa ni mali ya wanaoamini.

Tofauti nyingine, safari hii na wenyeji, ilikuwa nafasi ya mtu mmoja. Kwa Mkamba, ibada ilikuwa ya jamaa nzima. Mzee alimwaga pombe kidogo chini kwa ajili ya wahenga kabla ya kunywa. Mvua ikikosa, wazee walipeleka sadaka ithemboni, mahali patakatifu pa ibada, kwa niaba ya wote. Mmishonari alimtaka kila mtu aamue mwenyewe kuokoka, aache pombe na ngoma, na mwanamume abaki na mke mmoja. Uamuzi huo uliweza kumtenga mtu na baba yake na ukoo wake.

Lakini mtu aliyefundishwa kujiamulia huanza kuuliza maswali. Waumini walitaka shule za kuwafikisha watoto wao mbali, nayo AIM ilitanguliza usomaji wa Biblia na kusitasita kuhusu elimu ya juu. Manung'uniko yakazidi. Mwaka 1945 Simeon Mulandi na wenzake wakaanzisha African Brotherhood Church, kanisa la Waafrika lililokuja kuwa na makao makuu Mitaboni, Machakos. Lilijiongoza lenyewe na kujenga shule zake. Kama kanisa halimhitaji mfalme ili liwe kanisa, halimhitaji mmishonari pia.

Ni kweli AIM ilituachia mengi, ikiwemo Africa Inland Church na chuo cha Machakos chenye jina la Scott. Hata hivyo, imani ya Kimarekani kwamba waumini wanaweza kujiundia kanisa lao ilipata nguvu Ukambani pale wenyeji walipoitumia kwa haja zao, hata mbele ya waliowafundisha. Tukiisimulia historia hii kama zawadi ya wageni pekee, tutakuwa tumewanyima wazee wetu haki yao.