Aliyetoka Kundini

Warumi walikuwa na neno la sifa, egregius. Limeundwa kwa ex, yaani kutoka, na grex, kundi la mifugo. Aliyeitwa hivyo alikuwa ametoka kundini kwa ubora wake. Karne ya 2 neno likawa cheo rasmi: maofisa wa daraja la wapanda farasi waliosimamia mali na mapato ya Kaisari walitajwa kuwa vir egregius, na mafundi wa kuchonga mawe wakalifupisha kwa herufi mbili, V.E. Karne ya 4, enzi za Konstantino, cheo hicho kikafa.

Neno lenyewe likaishi. Karne ya 16 Waingereza waliosoma Kilatini walilichukua wakalifanya egregious, likiwa bado na heshima zake. Kilicholiharibu ni kejeli. Kabla karne hiyo haijaisha, wenye ndimi kali walikuwa wakiwapachika sifa hiyo waongo na wapumbavu. Nasi tunaujua mchezo huu: mtu huambiwa "umetia fora!" na kwa sauti tu akajua kwamba anasimangwa. Ila kwetu fora bado hupongeza, wakati kwa Waingereza dhihaka ilimeza pongezi yote. Shakespeare katika tamthilia yake ya Cymbeline analibandika kwa muuaji. Mwaka 1755 Samuel Johnson, katika kamusi yake, aliandika maana zote mbili, ya wema na ya ubaya, kisha akakiri kwamba ya ubaya ndiyo iliyozoeleka.

Ndugu zake wa damu hawakuchafuka. Barua rasmi ya Kiitaliano hadi leo huanza na Egregio Signore, na wakili wa Brazil huandika Egrégio Tribunal akiiheshimu mahakama.

Huko Marekani neno lilifika mahakamani kwa sura nyingine kabisa. Tarehe 24 Juni 2022, Mahakama ya Juu ilipofuta hukumu ya mwaka 1973 kuhusu utoaji mimba, Roe dhidi ya Wade, Jaji Samuel Alito alilitumia kuilaani hukumu hiyo. Kundi la mifugo bado limebaki ndani ya neno: kosa linaloitwa hivyo lazima liwe wazi, limejitokeza mbele ya makosa mengine yote. Kwa hiyo mfasiri, "kosa kubwa" halitoshi. Andika "kosa la wazi lililopindukia". Na ukipata barua ya Egregio kutoka Roma, usikasirike.