Yai la Bogoria

Ukifika Ziwa Bogoria, kitu cha kwanza unaambiwa ni kuchemsha yai. Unaliweka kwa mfuko, unaliteremsha kwenye chemchemi, unangoja kama dakika 10. Pembeni maji moto yanaruka juu na mvuke wake. Tulipiga picha weh! Usiku tukalala kibanda cha kukodi nje ya geti, paa la mabati kama tu kwetu Soweto West, ila huku mabati yanaitwa utalii.

Mzee mmoja wa hapo ndiye aliniharibia raha. Alisema ng'ombe wa kwao walikuwa wakilamba chumvi pale tulipoegesha gari.

Ni Mwendorois. Kuanzia 1973 serikali iliwaondoa ili ziwa liwe hifadhi ya wanyama. Makaburi ya wazee wao na mahali pa kuombea vikabaki ndani. Walipeleka kesi hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na Februari 2010 ikatangazwa kwamba Kenya ilivunja haki zao: warudishiwe ardhi, walipwe fidia. Geti bado liko, na sisi tulilipa kuingia.

Mtu wa Kibera haelezwi hii story mara mbili. Wanubi waliwekwa Kibra na Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakapata hati ya ekari 288 mwaka 2017. Sisi wapangaji hata hatuhesabiwi hapo.

Siku hizi ziwa limepanda, chemchemi kadhaa zimezama. Nilimuuliza mzee kama anasikitika. Akaniuliza yai liliiva.