NGAMIA MIA MOJA: XEER, DIA NA SOMO LA WAJIR



Ndugu msomaji, Diff ni mji mdogo wa Wajir Kusini, kando ya mpaka wa Somalia. Ukitoka hapo ukaingia nyikani, polisi yuko mbali na mahakama iko mbali zaidi. Hebu jiulize, ni nini kinachomzuia kijana mwenye bunduki asichukue ngamia wa jirani? Wengi tutajibu: kumcha Allah (SW). Ni kweli. Lakini wazee wetu waliongeza ua wa pili, nao ni xeer.

Xeer ni mapatano baina ya koo. Huhifadhiwa vichwani mwa wazee, na nguvu yake ni dia. Mtu akiua, halipi peke yake. Jamaa zake wa upande wa baba huchanga pamoja. Kiwango kinachojulikana ni ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Hiyo mia si ngeni kwa msomaji wa Sira: Abdul Muttalib alimkomboa mwanawe Abdullah, babake Mtume (SAW), kwa ngamia 100. Na Hati ya Madina iliacha kila kabila liendelee kulipa dia zake kwa pamoja.

Sasa tazama hekima yake. Ngamia wa ami yako akitolewa zizini kwa kosa lako wewe, ami hatanyamaza! Atakuuliza mapema unakwenda wapi na bunduki hiyo. Yaani kila mtu anakuwa mlinzi wa mwenzake. Na upande wa waliofiwa, dia ikishapokewa kisasi kimefungwa. Atakayelipiza baada ya hapo amevunja neno la ukoo wake mwenyewe.

Je, ua huu ukivunjika? Wajir iliyaona hayo. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka na bunduki zikamiminika mpakani. Ukame ukaua mifugo, na siasa za uchaguzi wa 1992 zikachochea uhasama wa koo. Kijana mwenye bunduki akaona hamhitaji tena mzee. Mauaji yakafuatana haraka kuliko vikao vya wazee, na kila ukoo ukawa unaudai mwingine. Mamia ya watu walikufa. Hata sokoni Wajir mama wa ukoo huu hakutaka kumuuzia mama wa ukoo ule, na wote ni Waislamu, wanaelekea kibla kimoja!

Dawa ilianzia hapo hapo sokoni. Mwaka 1993 akina mama wachache, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walikutana wakakubaliana jambo dogo: soko liwe la kila mtu, na kamati ya akina mama ilisimamie. Kumbuka kuwa chini ya mti wa wazee mwanamke hakuwa na kiti. Lakini soko lilipotulia, wazee walikubali kuketi, na Septemba 1993 koo zikaafikiana Azimio la Al-Fatah. Vijana nao wakaingizwa, na mwaka 1995 ikaundwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Mfano huo ulienea wilaya nyingine za Kenya. Dekha alipata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki 2011, Allah amrehemu. Mwaka 2001 wazee wa kaskazini walikutana Modogashe, na viwango vya dia vikaandikwa kwenye karatasi.

Hata hivyo, tusifumbe macho. Kikao kile kile cha maslaha kimetumiwa kuzima kesi za ubakaji. Wazee wa pande mbili wanakunywa chai, mifugo inahamishwa, na msichana hakuulizwa hata neno moja. Wanaotetea husema ni dini. Ndugu zangu, dia ya mauaji ni haki ya warithi wa aliyeuawa, wapokee au wasamehe kwa hiari yao. Huyu msichana yuko hai! Nani amemsamehe mbakaji kwa niaba yake? Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaliita jambo hilo jinai, na Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inayakubali mapatano ya kimila mradi yasivunje haki za binadamu.

Basi somo ni hili. Mila hukaa hai kwa sababu watu wanaaminiana kwamba itamlinda kila mmoja. Bunduki ilipoudhihaki ua huo, ulianguka. Ukimwacha msichana nje, yeye na mamake hawatauamini tena, na ua usioaminika utaanguka pia, ingawa kimya kimya.

Vijana wenzangu, wazee watatuachia kiti chini ya ule mti. Ramadhan hii tukikaa pamoja baada ya futari, tuwaulize wazee wetu xeer inasemaje, na tuwaulize dada zetu inawafikiaje.

Wabillahi tawfiq.