Makaburi ya Watoto Wasiobatizwa Katika Ayalandi

Kila taifa lina desturi zake za maziko, na katika desturi hizo huonekana nani ahesabiwa kuwa mwenzi na nani ahesabiwa kuwa mgeni. Katika nchi ya Ayalandi, kwa muda wa karne kadhaa, walikuwako wafu ambao makaburi ya kanisa hayakuruhusiwa kuwapokea. Wengi wao walikuwa watoto wachanga waliofariki kabla ya kubatizwa. Walizikwa mbali na wazee wao, mahali paitwapo cillín kwa lugha ya Kiayalandi. Neno hilo limetokana na neno la Kilatini cella, lenye maana ya chumba kidogo, ambalo katika Ayalandi lilikuja kuwa jina la kanisa.

Desturi hii ilizaliwa na fundisho. Mtakatifu Augustino, aliyefariki mwaka 430, alifundisha kuwa kila binadamu huzaliwa na dhambi ya asili, na kwamba mtoto afaye bila ya ubatizo hawezi kuingia mbinguni, ingawa adhabu yake ni nyepesi kuliko zote. Wanazuoni waliokuja baadaye waliona uzito wa neno hilo wakalilegeza. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alieleza kuwa watoto hao hukaa Limbo, pasipo maumivu, lakini pasipo kumwona Mungu. Fundisho la Limbo halikufanywa kamwe kuwa sharti la imani, lakini lilienea mno. Ardhi iliyobarikiwa ilikuwa haki ya wanakanisa, na mlango wa Kanisa ni ubatizo. Basi aliyefia nje ya mlango alizikwa nje ya ukuta. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilitamka waziwazi kuwa waliokufa bila ya ubatizo wasipewe maziko ya Kanisa. Ni kweli kwamba wakati wa hatari mtu yeyote, hata mkunga, aliweza kubatiza. Lakini mtoto aliyezaliwa akiwa amekwisha kufa hakuwa na njia.

Mahali pa namna hii palipoandikishwa katika Ayalandi ni zaidi ya 1,000, na wingi wake ni upande wa magharibi, katika majimbo ya Galway, Mayo na Kerry. Wataalamu wengi wa mambo ya kale wanaona kuwa matumizi yake yalizidi tangu karne ya 17, baada ya Mtaguso wa Trento, wa mwaka 1545 hata 1563, kukaza taratibu za Kanisa. Ramani za serikali zilizochorwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 zinaonyesha mengi ya makaburi hayo na kuyaita makaburi ya watoto. Matumizi yaliendelea hata katikati ya karne ya 20, na penginepo baadaye.

Maziko yenyewe yalifanywa kimya, aghalabu jioni au usiku. Baba, au ndugu wa kiume, alichukua maiti katika kisanduku au kitambaa, akachimba, akafukia, akaweka jiwe lisilo na jina. Padre hakuwapo. Mama, mara nyingi, alikuwa angali kitandani, na wengine waliishi hata uzeeni bila ya kuonyeshwa mahali mtoto wao alipolala. Wahenga wetu walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huko, hata mzazi aliyeujua alitakiwa aunyamazie.

Mtu akiishia hapa, atasema kuwa watoto hao walitupwa. Lakini ardhi yatoa ushahidi mwingine. Katika Kerry kiko kisiwa kidogo kiitwacho Illaunloughan, ambako watawa waliishi katika karne ya 7 na ya 8. Wachimbaji wa mambo ya kale walipokichunguza, mwaka 1992 hata 1995, walikuta kuwa baada ya watawa kutoweka watu wa jirani walizika watoto wao humo. Reask, katika jimbo lilo hilo, palikuwa na makao ya watawa wa kale, na hapo pia palizikwa watoto. Katika makaburi mengi ya namna hii yamekutwa mawe yaliyopangwa kwa uangalifu na vijiwe vyeupe vilivyowekwa juu yake. Wazazi walionyimwa ardhi iliyobarikiwa na padre wa zama zao waliitafuta ardhi iliyokuwa imebarikiwa na watakatifu wa kale. Hawakumpinga padre hadharani. Walimtii, na katika utii huo wakamfanyia mtoto wao kila walichoweza.

Hata hivyo, si haki kulipamba jambo hili. Makaburi mengine yalikuwa mipakani mwa mashamba, kandokando ya bahari, au ndani ya maboma ya kale yaliyosemwa kuwa na mizimu. Pamoja na watoto walizikwa waliojiua na wageni wasiojulikana waliotupwa pwani na mawimbi. Watu walisimulia kwamba akanyagaye kaburi la mtoto asiyebatizwa hupotea njia hata katika shamba alilolizoea. Mapenzi na hofu vilikaa mahali pamoja.

Mabadiliko yalikuja polepole. Taratibu za maziko zilizotolewa Roma mwaka 1969 zilikuwa na sala kwa mtoto aliyefariki kabla ya ubatizo. Sheria mpya ya Kanisa ya mwaka 1983 ilimpa askofu wa mahali uwezo wa kuruhusu maziko ya mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, ilitoa waraka uliosema kuwa ziko sababu nzito za kutumaini wokovu wa watoto hao. Katika Ayalandi makaburi mengi ya aina hiyo yamebarikiwa na kuwekewa mawe ya ukumbusho.

Anayeandika historia kwa vitabu vya sheria peke yake ataandika kuwa watoto hawa walikataliwa, na atakuwa amesema kweli nusu. Nusu ya pili imo katika vijiwe vyeupe, ambavyo baba fulani aliviokota na kuvibeba gizani, wala hakuna sheria iliyomwamuru kufanya hivyo.